Pumzi Kwanza, Tuktuk Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Hoteli, Msikiti, Steji na Mahali pa Kazi kwa Mtu Aliyezidiwa na Unga

Kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ninayotoa hapa Malindi, watu hujibu maswali yote sawasawa wakiwa wamekaa vitini. Kisha siku moja mtu aliyezidiwa na heroini anakutwa chooni amelala chali, midomo imebadilika rangi, na yanafanyika yale yale tuliyokubaliana yasifanyike. Mmoja anakimbilia barabarani kusimamisha tuktuk. Mwingine anamwaga ndoo ya maji. Wa tatu anatafuta ufunguo wa ofisi ambamo naloksoni, dawa ya kumrudisha, imefungiwa, na mwenye ufunguo ameenda Watamu. Dakika zinakwenda na hakuna hata mmoja aliyempulizia pumzi.

Watu hao si wazembe. Walifundishwa wao, lakini jengo lao halikuandaliwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu milango, visanduku, zamu na namba za simu. Ukivipanga hivyo mapema, mikono inayotetemeka itajua pa kwenda.

## Kinachoua ni nini hasa

Unga, yaani heroini, ni wa jamii ya afyuni. Humo mna pia morfini, kodeini, tramadoli, methadoni na fentanili. Zikizidi mwilini, dawa hizi hulaza ile sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi. Mtu huanza kupumua polepole, halafu kwa kudonoa, halafu haachi hata dalili ya pumzi. Moyo husimama baadaye. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi.

Sasa pima mwenyewe: kutoka ulipo, umbebe mtu, umtoe getini, upate tuktuk, upite sokoni, ufike kwenye mlango wa dharura wa hospitali. Dakika nne zimekwisha kitambo. Kwa hiyo matibabu ya mwanzo yafanyike pale pale alipoanguka.

Tena usijiambie kwamba kwako hakufiki mateja. Fundi anayemeza tramadoli ili abebe saruji kutwa nzima anaweza kuzidiwa. Mgeni wa hoteli anaweza. Hata bibi mwenye saratani aliyesahau kwamba ameshakunywa morfini yake ya asubuhi anaweza.

## Vitu vya kuwa navyo

Kusanya hivi kwanza, kabla ya kuita mkutano wowote:

- Naloksoni, angalau dozi mbili. Dozi nne kama mko mbali na hospitali. Ni ama ampuli za kuchoma sindano (kawaida miligramu 0.4 katika mililita 1) au chupa ndogo ya kupulizia puani.
- Kama ni ampuli: mabomba ya sindano ya mililita 2 au 3, yenye sindano ndefu ya kufika msulini, moja kwa kila dozi na mbili za akiba.
- Kinga ya mdomo ya kupulizia pumzi, ile yenye tundu la kupitisha hewa upande mmoja.
- Glavu jozi nne, na pamba yenye spiriti.
- Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ya kutupia sindano.
- Tochi, kalamu ya wino mzito na leso moja safi.
- Kadi ngumu ya maelekezo kwa Kiswahili chenye herufi kubwa.
- Kisanduku cha rangi kali kinachofunguka kwa mkono mmoja, kisicho na kufuli.

Leso ni ya stara. Nitaieleza mbele.

## Hatua ya 1: Tembea jengo lako kwa macho ya anayejificha

Chukua nusu saa, zunguka peke yako, na jiulize: kama ningetaka dakika kumi bila kuonekana, ningeingia wapi? Utakuta vyoo vya wateja, hamamu za msikiti, nyuma ya jiko, stoo ya magodoro, gofu la jirani, chini ya boti zilizopandishwa ufuoni. Andika kila mahali.

Anayetumia peke yake nyuma ya mlango uliofungwa ndiye anayekufa, kwa sababu hana wa kumwona. Kwa hiyo milango ishughulikieni mapema. Komeo la choo liwe la kufungulika kutoka nje kwa sarafu au bisibisi. Mlango unaofunguka kwa ndani ni hatari, maana mtu akiangukia nyuma yake hauingiliki. Geuzeni bawaba ufunguke kwa nje. Acheni uwazi wa shubiri moja chini, miguu ionekane.

Kisha wekeni mazoea: msafishaji au mlinzi agonge mlango wa choo kila robo saa. "Hodi, kuko salama?" Asipojibiwa mara mbili, afungue.

Tahadhari: msiondoe taa vyooni wala kuweka taa za buluu ili watu wasione mishipa. Wataendelea kujichoma gizani, vibaya zaidi, nanyi hamtaona rangi ya midomo yao.

Umefanikiwa ukiona: kila chumba kwenye orodha yako kinaweza kufunguliwa kutoka nje ndani ya sekunde kumi, na mtu wa zamu anajua kwa kifaa gani.

## Hatua ya 2: Chagua watu wa zamu, usichague vyeo

Hapa ndipo wengi hukosea mapema. Meneja anapelekwa kwenye mafunzo, anapigwa picha na cheti, naye huondoka kazini saa kumi na moja jioni. Mtu anazidiwa saa nne usiku.

Wafundishe mlinzi wa getini, msafisha vyoo, mpishi, wa mapokezi, muadhini, makanga wa steji, nahodha wa boti. Kila zamu iwe na watu wawili wasiopungua, maana mmoja hupuliza pumzi na mwingine huleta dawa na kupiga simu. Awepo mwanamke. Wanaume wengi husita kumgusa dada aliyelala sakafuni, na kusita huko kumemaliza watu. Waambieni wazi kwamba akiwa hapumui, aliye karibu ndiye anayeanza, awe mwanamume au mwanamke, na leso iliyo kisandukuni imfunike. Ukiandaa msikiti, mwombe imamu alisemee hili baada ya swala. Watu wanajua kwamba dharura ina hukumu yake, ila wanataka walisikie kutoka kwa wanayemwamini.

Waalikeni pia watumiaji wenyewe wanaokaa karibu na eneo lenu. Hao ndio hufika wa kwanza na ndio wanaotofautisha aliyelewa na anayekufa. Malindi kuna Omari Project, shirika ambalo limekuwa likifanya kazi na watumiaji wa unga tangu miaka ya 1990, na kuna kliniki ya methadoni, inayotolewa kwa usimamizi ili mtu aache unga, katika hospitali ya serikali. Anzieni huko mkitafuta wa kuwafundisha.

Wafundisheni watu wenu nyakati za kuwa macho. Aliyetoka jela, aliyetoka kituo cha kuachia dawa, aliyejizuia mwezi mzima wa Ramadhani: mwili wake umesahau. Akirudi na kipimo chake cha zamani, kipimo hicho hicho alichokimudu zamani kinaweza kumuua. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela ndizo mbaya zaidi. Hatari nyingine ni kuchanganya unga na bugizi, vidonge vingine vya usingizi au pombe, kwa sababu vyote hukandamiza pumzi.

## Hatua ya 3: Pata dawa kwa njia halali

Naloksoni huung'oa unga kwenye vipokezi vya ubongo na kuziba nafasi zile kwa muda. Haileweshi, haizoeshi, na mtu asiye na dawa za jamii ya afyuni mwilini haimdhuru. Hilo liseme mara tatu, kwa sababu woga wa "nikikosea nitamuua" ndio unaofunga mikono ya watu.

Nenda kwa mfamasia wa hospitali au daktari wa eneo lako ukiwa na barua ya taasisi: mko wapi, mna watu wangapi waliofundishwa, mnaomba dozi ngapi. Usinunue kwa mtu wa njiani. Dawa ikifika, soma kibandiko na uandike tarehe ya kuisha nje ya kisanduku kwa kalamu nzito. Andika pia kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo.

Wenye mahali pa kazi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawadai muwe na vifaa vya huduma ya kwanza. Naloksoni ikae karibu na vifaa hivyo, katika kisanduku chake chenyewe.

## Hatua ya 4: Weka kisanduku mahali mkono unapofika

Kanuni ni moja: kutoka sehemu ya mbali kabisa ya jengo, mtu akimbie, achukue kisanduku, arudi, kwa muda usiozidi dakika tatu. Jengo likiwa kubwa, wekeni visanduku viwili.

Kisifungwe kwa kufuli. Najua mtasema kitaibiwa. Kikiibwa, huenda kimeenda kuokoa mtu, nanyi mtaweka kingine. Kikifungiwa, hakimsaidii yeyote. Nimesimama mbele ya kabati la kioo lenye dawa mbili ndani na kufuli nje, mahali nisipopataja, huku kijana amelala hatua ishirini kutoka hapo. Tulivunja kioo. Tangu siku hiyo sikubali kufuli, hata nikiombwa kwa heshima gani.

Sasa joto. Naloksoni nyingi huelekezwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na Malindi sehemu kubwa ya mwaka huipita hapo mchana. Kisanduku kiwekeni mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, jiko, dari ya mabati na dashibodi ya tuktuk. Mahali pazuri ni chumba cha ndani chenye upepo, kimo cha bega, karibu na mapokezi au meza ya mlinzi. Isigandishwe wala isitolewe kwenye pakiti yake, mwanga huidhuru. Na ikitokea dharura na dawa iliyopo imepita tarehe au ilipigwa joto, nanyi hamna nyingine, itumieni. Huenda imepungua nguvu, lakini iliyopungua ni bora kuliko hakuna.

Umefanikiwa ukiona: ukimuuliza mfanyakazi yeyote, hata kibarua wa leo, "kisanduku kiko wapi?" anaelekeza kidole bila kufikiri.

## Hatua ya 5: Panga simu na njia

Bandikeni namba ukutani: 999 au 112 za dharura, 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na namba ya mapokezi ya dharura ya hospitali iliyo karibu nanyi. Zipigeni zote leo, mchana na usiku, mjue ipi hupokelewa haraka. Namba isiyojibiwa ifuteni.

Kubalianeni maneno ya kusema: "Kuna mtu hapumui. Tuko mahali fulani, karibu na alama fulani. Kuna mtu anawasubiri barabarani." Mengine ya unga mtamweleza mhudumu akifika. Huu si udanganyifu. Kukosa pumzi ndiyo habari inayomfanya aliye upande wa pili aharakishe.

Chagueni pia dereva wa tuktuk mmoja au wawili wa steji ya karibu ambao watakubali kuitwa, ikiwa ambulensi haipatikani. Dereva haji kumchukua mgonjwa asiyepumua. Anakuja kumchukua akiwa ameanza kupumua, au akiwa na mtu wa kumpulizia njiani kote.

Ndugu zetu wa Lamu hesabu yao ni nyingine. Vichochoro vya mjini havipitishi gari, kwa hiyo wekeni machela na watu wanne wanaojulikana. Mliopo Shela au ng'ambo ya Manda mnategemea boti hadi hospitali ya King Fahd, na maji yakikupwa safari huwa ndefu zaidi. Nyinyi msikubali dozi mbili. Wekeni nne au sita, na nahodha awe amefundishwa kupuliza.

Kuhusu polisi: mwendeeni mkuu wa kituo kabla ya siku mbaya, mumweleze mnachofanya. Watumiaji hukimbia na kumwacha mwenzao kwa kuogopa kukamatwa. Mkumbusheni pia kila atakayepinga kwamba Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

## Hatua ya 6: Fundisha mpangilio huu, na usiubadilishe

Hii ndiyo hatua ya kurudia mpaka ichoshe.

Kwanza, tazama sindano. Sindano ikiwa mkononi au sakafuni, isogeze kando kwa kitu au uitie chupani. Usiirudishie kifuniko. Kuugusa unga kwa ngozi hakukuzidishii dawa, kwa hiyo woga huo uuache mlangoni.

Pili, mwamshe. Ita kwa sauti: "Kaka! Unanisikia? Fumbua macho!" Asipojibu, sugua kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi yako. Aliyelala au kulewa tu atakunja uso. Aliyezidiwa hatashtuka.

Tatu, tazama pumzi kwa sekunde kumi. Kifua kinapanda? Chini ya pumzi moja kwa kila sekunde tano ni polepole mno kwa mtu asiyeamka, hata hiyo ni ya kumshughulikia. Sikiliza sana kukoroma kwa maji maji, kama mtungi unaojazwa. Watu husema "mwacheni alale, si anakoroma", kumbe ni koo linaloziba, na huko ndiko walikokwenda wengi. Kwa ngozi zetu nyeusi usingoje aonekane wa buluu. Fungua mdomo utazame ufizi na ndani ya midomo, tazama kucha na viganja: vimekuwa vya kijivu kama jivu la mkaa. Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya pini, ila usiache kusaidia kwa sababu hukuziona hivyo.

Nne, piga kelele upate mtu wa pili. Mtaje kwa jina: "Salma, lete kisanduku! Juma, piga simu!" Ukisema "mtu alete dawa", kila mmoja atamngoja mwenzake.

Tano, mpe pumzi. Usingoje dawa. Mlaze chali mahali pagumu. Chungulia mdomoni: hapa pwani utakuta gole la miraa au muguka shavuni, au meno ya bandia. Unachokiona kitoe kwa kidole, usipapase usichokiona. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma, ziba pua, weka kinga ya mdomo, puliza taratibu kwa sekunde moja. Kifua kikipanda, umepata. Kisipopanda, rudisha kichwa nyuma tena na ujaribu upya. Endelea pumzi moja kila sekunde tano, ukihesabu moja mpaka tano polepole kati yake.

Nasisitiza hapa kuliko popote. Anachokosa mtu huyu ni hewa, na hewa unayo wewe sasa hivi. Dawa huchukua dakika kadhaa kufanya kazi. Pumzi yako hufanya kazi papo hapo. Wapo waliookolewa kwa pumzi tupu mpaka ambulensi ikafika.

Ikiwa hana mapigo, au hana dalili yoyote ya uhai na hujui kupima mapigo, bonyeza kifua: mara 30 katikati ya kifua, kina cha sentimita tano hivi, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi mbili, na kurudia.

Sita, mpe naloksoni. Mwenzako akifika na kisanduku, yeye ndiye anayechoma, wewe endelea kupuliza.

Kama ni ampuli: vunja shingo yake, vuta dawa yote, choma wima kwenye msuli wa paja upande wa nje au begani, kisha sukuma mpaka mwisho. Sindano hupita kwenye kanzu, dera na kikoi, hakuna haja ya kumvua. Epuka tu mshono mnene wa jinzi na mfuko wenye simu.

Kama ni ya puani: usiijaribu hewani, maana nyingi ni dozi moja tu na ukiibonyeza imekwisha. Kichwa nyuma, ncha yote ndani ya tundu moja la pua, bonyeza mpaka mwisho.

Andika saa, hata mkononi mwako.

Saba, endelea kupuliza dakika mbili au tatu. Asipoanza kupumua, mpe dozi ya pili. Wengi hutoa dawa kisha husimama kuitazama ifanye miujiza. Msisimame.

Nane, akianza kupumua mlaze ubavu. Goti la juu likunjwe mbele, mkono chini ya shavu, mdomo uelekee sakafuni, ili akitapika asipaliwe.

Usifanye kamwe haya: kumwagia maji baridi, kumnywesha maziwa au ndimu, kumchoma sindano ya maji ya chumvi au maziwa, kumzaba makofi mfululizo, kumtembeza kwa nguvu, kumwacha peke yake "apumzike". Maziwa huingia mapafuni mwa mtu asiyemeza. Maji baridi humpotezea dakika alizobakiwa nazo.

Na kama alikuwa amezidiwa na bugizi au pombe na si unga? Naloksoni haitamwamsha, wala haitamdhuru. Pumzi zitamsaidia vile vile. Huna haja ya kujua alitumia nini kabla ya kuanza.

## Hatua ya 7: Akiamka, kazi ni nusu

Hapa nimepoteza watu ambao tayari walikuwa wamekaa wakiongea.

Naloksoni hukaa mwilini dakika 30 hadi 90. Dawa aliyotumia inaweza kukaa zaidi. Methadoni hukaa zaidi ya siku nzima. Naloksoni ikiisha, dawa ile hurudi kwenye nafasi zake na pumzi inaweza kusimama tena, safari hii akiwa nyumbani kwake amefunga mlango. Kwa hiyo apelekwe hospitali, na asipotaka, mtu akae naye saa mbili zisizopungua na dozi nyingine mkononi.

Ataamka na arosto ya ghafla, yaani mateso ya mwili uliokatiwa unga: jasho, kutapika, maumivu, hasira. Wengine hutukana kwamba mmewapotezea hela yao. Msimjibu kwa matusi, wala msimhubirie. Mtu mmoja tu aongee, kwa sauti ya chini, akiwa amechuchumaa kando yake na si kumsimamia kichwani:

"Kaka, ulikuwa hupumui. Tumekupa dawa ya kukurudisha. Itaisha baada ya muda mfupi na unaweza kuzidiwa tena, kwa hiyo usitumie kitu sasa. Tuko nawe."

Wengine wote waondoke, hasa wenye simu za kupiga video. Aliyepigwa video akiwa sakafuni hatakubali kusaidiwa na nyinyi mara ya pili.

Mhudumu wa afya mwambie mambo manne: alikutwa saa ngapi, alipewa dozi ngapi na saa ngapi, alipuliziwa pumzi kwa muda gani, na lolote lililoonekana pembeni yake, kama vidonge au chupa. Yule aliyezidiwa, akitulia, mpe namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, 1192, ambayo haina malipo, na umweleze kliniki ya methadoni iko wapi. Mara moja yatosha.

Umefanikiwa ukiona: amefika hospitali akipumua mwenyewe, au saa mbili zimepita yuko macho na hajaanza tena kusinzia.

## Hatua ya 8: Siku ya pili

Sindano zipelekwe hospitali zikateketezwe, zisitupwe jaani wanakookota watoto. Dawa iliyotumika iwekewe nyingine kisandukuni siku hiyo hiyo. Waliohusika wapumzishwe na waulizwe wamelalaje. Mlinzi aliyempulizia mtu akafa mikononi mwake huhitaji mtu wa kukaa naye zaidi ya anavyohitaji barua ya pongezi.

Ikiwa aliyezidiwa ni mfanyakazi wenu, uongozi uwe umeshaamua mapema na kuandika: hafukuzwi kwa kuzidiwa, anasindikizwa kliniki. Mkimfukuza, mwenzake atakayezidiwa mwezi ujao atajificha mbali zaidi.

## Hatua ya 9: Jaribuni kwa saa mkononi

Bila onyo, siku ya kazi ya kawaida, mlaze mtu mmoja chooni, mlango umefungwa. Washa saa. Pima vitu vitatu: mlango kufunguliwa, pumzi ya kwanza, kisanduku kufika.

Mara ya kwanza mtashtuka. Kundi moja la hoteli lilichukua zaidi ya dakika saba, karibu zote zikiisha kwenye mlango. Walibadilisha komeo, wakahamisha kisanduku kutoka ofisini hadi kwenye meza ya mlinzi, na mwezi uliofuata pumzi ya kwanza ilitoka kabla ya dakika moja kwisha. Hicho ndicho kipimo cha kulenga: pumzi ndani ya dakika moja, naloksoni ndani ya dakika tatu.

Rudieni kila miezi mitatu na kila anapoingia mfanyakazi mpya. Zoezi moja kati ya hayo lifanyeni usiku, stima ikiwa imezimwa, kwa tochi iliyo kisandukuni peke yake. Na kabla hamjaanza, hakikisheni ina betri.